Mvinyo Mkavu ni Mvinyo Gani? Maneno ya Mvinyo na Maana Zake

Nguo hukauka, ardhi hukauka, hata koo hukauka, lakini kinywaji kilichomo ndani ya glasi ni majimaji tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa hiyo mtu anayeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba mvinyo fulani ni "mkavu" ana haki ya kushangaa. Hata hivyo ndivyo unavyosemwa karibu kila mahali: Wafaransa huuita sec, Waitaliano secco, Wahispania seco na Wajerumani trocken, na kila mojawapo ya maneno hayo ndilo litumikalo pia kwa nguo iliyoanikwa juani. Kiswahili, ambacho neno lenyewe "mvinyo" kililipata kwa Wareno, kimefuata mkondo huohuo.

Neno hili ni moja tu katika msamiati ambao huwatisha watu wengi pasipo sababu. Kwa maoni yangu, ugumu wa maneno ya mvinyo hautokani na wingi wake. Unatokana na jambo hili, kwamba maneno ya koo tatu tofauti huchanganywa na kutumiwa kana kwamba ni ya ukoo mmoja. Yapo maneno yanayotaja kitu kilichomo ndani ya mvinyo, ambacho ulimi au pua hukihisi na maabara inaweza kukipima. Yapo maneno ya kisheria, ambayo mtengenezaji haruhusiwi kuyaandika kwenye lebo mpaka atimize masharti yaliyowekwa. Na yapo maneno ya kibiashara, yaliyotungwa kusifu chupa, ambayo hayamfungi muuzaji kwa ahadi yoyote. Mtu akishajua neno lililo mbele yake ni la ukoo upi, amekwisha kulielewa nusu nzima.

Ukavu ni wa ukoo wa kwanza. Mvinyo ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa alkoholi na gesi ya kaboni dayoksaidi. Ikiachwa ifanye kazi yake mpaka mwisho, sukari karibu yote huisha, na mvinyo unaobaki ndio unaoitwa mkavu. Kazi hiyo ikikatizwa mapema, kwa mfano kwa kuupoza mvinyo na kuichuja hamira, au zabibu zikiwa na sukari nyingi kupita uwezo wa hamira, sehemu ya sukari husalia na mvinyo huwa mtamu. Katika Umoja wa Ulaya mpaka umewekwa kwa gramu: mvinyo usio na mapovu huitwa mkavu ukiwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, au hadi gramu 9 ikiwa asidi yake inatosha kuusawazisha, na huhesabiwa kuwa mtamu kamili sukari inapofika gramu 45 kwa lita.

Ukavu, basi, ni uchache wa sukari, wala si jambo jingine lolote. Nasisitiza hivyo kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea, na hupotea kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuchanganya utamu na harufu ya matunda. Mvinyo mweupe unaweza kunukia nanasi bivu au asali hata mnywaji akawa tayari kuapa kwamba umetiwa sukari, ilhali sukari yake haizidi gramu mbili tatu kwa lita. Ubongo umezoea kwamba kinachonukia tunda bivu huwa kitamu, nao hujaza pengo wenyewe. Kipimo chake ni rahisi na kila mtu anaweza kukifanya: ziba pua kwa vidole, piga funda dogo, ulizungushe mdomoni kabla ya kumeza. Harufu yote ya matunda hutoweka mara moja, kwa kuwa harufu ni kazi ya pua hata wakati kinywaji kiko mdomoni, na kinachobaki ulimini ni sukari, asidi na uchungu peke yake. Ikiwa utamu umekwenda pamoja na harufu, haukuwa sukari. Ukisema "mvinyo wenye harufu ya matunda" pale ulipokusudia kusema "mvinyo mtamu", utaletewa kitu usichokitaka, na mhudumu hatakuwa na kosa.

Njia ya pili ni kuchanganya ukavu na hali ya mdomo kukauka, jambo linalotupeleka kwenye tanini. Tanini ni kundi la kemikali zilizomo katika maganda ya zabibu, katika mbegu na katika vikonyo, na nyingine huingia kutoka katika mbao za pipa. Hazina harufu. Hushikamana na protini zilizomo katika mate, zile zinazoufanya mdomo uteleze, na mate yakishapoteza utelezi wake, ulimi na ufizi huhisi kana kwamba vimepakwa unga. Kiswahili kina neno zuri kwa hisia hiyo, nalo ni ukakasi. Aliyekunywa chai ya rangi iliyoachwa na majani yake mpaka ikawa nyeusi anaijua tanini hata kama hajawahi kuonja mvinyo. Na anayetaka kuikamata mahali inapotoka achukue zabibu moja nyeusi yenye mbegu, amenye ganda kwa meno, ameze nyama ya ndani, kisha atafune ganda na mbegu polepole kwa nusu dakika. Utamu utaisha, na ukakasi utabaki umeganda kwenye fizi.

Kwa hiyo mvinyo unaweza kuwa mkavu bila kuwa na ukakasi, kama ulivyo mwingi wa mvinyo mweupe, na unaweza kuwa na ukakasi mkubwa huku ukiwa mtamu kabisa, kama ilivyo Port changa ya Ureno. Maneno hayo mawili yanapima vitu viwili visivyohusiana. Wenye taaluma hutofautisha pia namna za tanini: ile inayokwaruza huitwa chafu au ya kijani, na ile inayohisika kama kitambaa laini huitwa iliyoiva. Maneno hayo yana msingi. Mvinyo unapokaa miaka katika chupa, chembe za tanini huungana na kuwa kubwa, nyingine huzama pamoja na rangi na kuwa mashapo meusi chini ya chupa, na ukakasi hupungua. Mashapo hayo si uchafu, na mvinyo wake haujaharibika. Humiminwa taratibu kwenye chombo kingine ili yabaki nyuma.

Maganda hayohayo ndiyo yanayoamua rangi. Nyama ya zabibu karibu zote, nyeusi kwa nyeupe, haina rangi. Ukikamua zabibu nyeusi na kuondoa maganda papo hapo utapata maji meupe, na ndiyo maana sehemu kubwa ya Champagne nyeupe, mvinyo wa mapovu wa Ufaransa, hutengenezwa kwa zabibu nyeusi za Pinot Noir na Meunier. Lebo ikisema blanc de noirs, yaani "nyeupe ya nyeusi", inataja jambo hilo tu. Blanc de blancs ni nyeupe iliyotoka kwa zabibu nyeupe. Maji yakichachuka pamoja na maganda ya zabibu nyeusi kwa siku au wiki kadhaa, mvinyo huwa mwekundu. Yakikaa nayo kwa saa chache, mvinyo huwa wa waridi, na ndio uitwao rosé. Na zabibu nyeupe zikichachushwa na maganda yake kana kwamba ni nyeusi, hutoka mvinyo wa rangi ya machungwa wenye ukakasi wa kushangaza. Machungwa yenyewe hayamo hata kidogo. Jojia wametengeneza mvinyo wa namna hiyo tangu zama za kale, katika mitungi mikubwa ya udongo inayofukiwa ardhini na kuitwa qvevri, na ustadi huo uliingizwa na UNESCO mwaka 2013 katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu.

Sasa nirudi kidogo kwenye sukari, kwa sababu mvinyo wa mapovu una mkanganyiko wake wenyewe. Kwenye chupa za Champagne na jamaa zake huandikwa maneno yafuatayo kuanzia mkavu zaidi: brut nature, chini ya gramu 3 za sukari kwa lita, extra brut, hadi gramu 6, brut, chini ya gramu 12, extra sec au extra dry, kati ya 12 na 17, sec, kati ya 17 na 32, demi-sec, kati ya 32 na 50, na doux, zaidi ya 50. Tazama mahali ilipokaa ile inayojiita kavu zaidi ya kavu: ni tamu kuliko brut. Nayo sec, ambayo maana yake ni "kavu", inaweza kubeba gramu 30 za sukari katika kila lita, kiasi ambacho katika mvinyo usio na mapovu kingezuia kabisa neno "mkavu" kuandikwa.

Maelezo yake yamo katika historia. Katika karne ya 19 Champagne ilikuwa tamu mno kwa kipimo cha leo, na ile iliyouzwa Urusi ilikuwa tamu kuliko zote. Mvinyo wa gramu 20 au 30 ulionekana mkavu kweli ukilinganishwa na ule, na ukaitwa hivyo. Waingereza walipotaka mkavu zaidi, na Pommery, kampuni ya kutengeneza Champagne, ilipotoa mavuno yake ya mwaka 1874 kwa ladha hiyo, majina ya zamani yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa, ikabidi neno jingine litafutwe. Ndipo likashika brut, yaani "ghafi". Majina yalibaki mahali pake, ladha za watu zikahama. Hili ni neno la ukoo wa kwanza lililogeuka kuwa la ukoo wa pili: leo brut ni namba iliyoandikwa katika sheria, na anayetaka kuielewa asiitafute katika kamusi.

Asidi haina fumbo kubwa. Ndiyo inayofanya mate yajae pembeni mwa ulimi baada ya kumeza, na ndiyo inayozuia mvinyo mtamu usichoshe. Mvinyo wenye asidi nyingi huitwa mchangamfu au mkali, na ulioikosa huitwa uliolegea. Zabibu za sehemu zenye baridi hubaki na asidi zaidi kuliko za sehemu zenye joto. Liko jambo moja la kuongeza. Mara nyingi bakteria huifanyia kazi ile asidi kali ya tunda, iitwayo maliki, na kuigeuza kuwa asidi laini ya laktiki, ile inayopatikana katika maziwa ya mgando. Katika kazi hiyo huzalisha diasetili, kemikali inayonukia siagi. Msomaji akikuta mvinyo wa zabibu za Chardonnay umeelezwa kuwa una harufu ya siagi, asidhani mwandishi amejitungia. Kemikali inayonukia siagi imo kweli.

Mwili wa mvinyo ni uzito wake mdomoni. Maziwa yaliyotolewa mafuta na maziwa yenye mafuta yake yote hutofautiana hata kwa mtu aliyefumba macho, na tofauti ya mvinyo mwepesi na mzito ni ya namna hiyo. Chanzo chake kikuu ni alkoholi, ikisaidiwa na sukari, tanini na vitu vingine vilivyoyeyuka. Mwili mzito si sifa njema kwa yenyewe, ingawa wauzaji hulitaja jambo hilo kana kwamba ni ushindi.

Alkoholi ndiyo inayosababisha pia machozi ya mvinyo, yale matone yanayoteremka ndani ya glasi baada ya kuizungusha, ambayo wengine huyaita miguu. Nimewaona watu wakiinua glasi kwenye mwanga na kutangaza kwamba mvinyo ni bora kwa kuwa machozi yake ni mazito. Machozi hayasemi hivyo. Utando mwembamba wa mvinyo unapopanda ukuta wa glasi, alkoholi huvukiza upesi kuliko maji. Utando unaobaki huwa na maji zaidi, na kwa kuwa maji yana mvuto wa uso ulio mkubwa kuliko wa alkoholi, utando huo huvuta mvinyo mwingine kutoka chini, mpaka uzito unapozidi na matone kuanza kuanguka. James Thomson alilieleza jambo hili mwaka 1855, na baadaye likachukua jina la Mwitaliano Carlo Marangoni. Unaweza kulithibitisha mezani: zungusha glasi, tazama machozi yakitiririka, kisha funika mdomo wa glasi kwa kisahani. Baada ya muda mfupi hewa ya ndani hushiba mvuke, alkoholi huacha kuvukiza, na machozi hukoma. Ondoa kisahani nayo huanza tena. Wingi wa machozi hukueleza kwa sehemu kubwa kwamba mvinyo una alkoholi nyingi, habari ambayo tayari imeandikwa kwenye lebo kwa asilimia.

Maneno ya pua ndiyo yanayochekwa zaidi, na naona yanaonewa. Mtu husoma kwamba mvinyo una pilipili manga, vanila, pilipili hoho na ngozi, akahisi anadanganywa, au akaamini kwamba vitu hivyo vimetumbukizwa humo. Hakuna kilichotumbukizwa. Kemikali iitwayo rotundoni, ambayo watafiti wa Australia waliitaja katika zabibu za Syrah mwaka 2008, ndiyo hiyohiyo inayoipa pilipili manga harufu yake. Kemikali za kundi la pirazini zimo katika zabibu za Cabernet Sauvignon na Sauvignon Blanc, na zimo pia katika pilipili hoho mbichi. Vanila hutoka kwenye mbao za mwaloni zilizochomwa kidogo pipa lilipokuwa likiundwa, kwa sababu moto huo huzalisha vanilini. Kwa desturi harufu hugawanywa mara tatu: za kwanza ni za tunda lenyewe, za pili ni za uchachukaji na kazi ya mtengenezaji, na za tatu ni zile zinazokuja kwa umri, kama ngozi, majani makavu na uyoga. Wengi huzihifadhia hizo za tatu neno la Kifaransa bouquet, "shada la maua", nazo za mwanzo huziita aroma. Anayezitumia kwa kubadilishana hajafanya dhambi.

Neno moja la kundi hili nalichukulia kwa tahadhari, nalo ni madini. Husemwa kwamba mvinyo fulani una ladha ya mawe au chaki kwa sababu mizabibu yake imepandwa juu ya mawe au chaki, na msomaji huona picha ya mizizi ikinyonya jiwe na kulipeleka mpaka kwenye glasi. Mizizi hunyonya madini yaliyoyeyuka katika maji, kwa kiasi kidogo sana, na miamba yenyewe haina harufu kwa kuwa haivukizi. Hisia inayoelezwa ni ya kweli, na waonjaji wazoefu huelewana kuihusu, lakini ni mfano wa maneno, kama tunavyosema sauti ya mtu ni nyororo. Udongo huathiri mvinyo kwa njia nyingine, hasa kwa jinsi unavyohifadhi au kupitisha maji na joto.

Hilo ndilo hasa limo ndani ya neno terroir, ambalo Wafaransa hulitumia kwa jumla ya mahali: udongo, mteremko, hali ya hewa, na kwa wengine hata desturi za wakulima. Juu ya wazo hilo ndiko kumejengwa ukoo wa pili wa maneno, yale ya kisheria. Ufaransa iliweka mfumo wake wa majina ya asili yanayolindwa mwaka 1935, na Italia ikafuata na wake, uitwao DOC, mwaka 1963. Katika mifumo hiyo jina la mahali ni ahadi kamili. Anayeandika Chablis, jina la eneo la Ufaransa, amekwisha kusema kwamba zabibu ni Chardonnay, hata kama lebo haiitaji. Barolo ni Nebbiolo. Burgundy nyekundu, kwa sehemu kubwa kabisa, ni Pinot Noir. Katika nchi nyingine, kama Marekani na Australia, desturi ni kuandika jina la zabibu kwanza. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba anapenda Chardonnay lakini hapendi Chablis hajakosea kuhusu ladha yake, maana mvinyo wa mahali pa joto na wa mahali pa baridi hutofautiana sana. Amekosea tu kudhani kwamba ni zabibu mbili. Na jina la zabibu likiandikwa, halina maana ya asilimia mia: Umoja wa Ulaya hudai angalau asilimia 85 za zabibu hiyo, na sheria ya shirikisho ya Marekani asilimia 75.

Neno gumu kuliko yote katika ukoo huu ni cru. Limetoka kwenye kitenzi cha Kifaransa cha kuota au kukua, na maana yake ni pale mahali mzabibu ulipokulia. Grand cru, basi, ni "mahali pakuu pa kukulia", lakini ukuu huo hutolewa kwa vitu tofauti katika kila eneo. Burgundy huupa ardhi: yapo mashamba 33 yenye hadhi hiyo, na hadhi haimfuati mmiliki. Champagne huupa vijiji 17 vizima. Alsace ina mashamba 51. Bordeaux, katika orodha maarufu ya mwaka 1855 iliyoandaliwa kwa ajili ya maonyesho ya Paris, iliupa majumba ya wazalishaji kwa kufuata bei ambazo mvinyo wao ulikuwa ukiuzwa, na orodha hiyo imebadilika kwa nadra mno. Badiliko linalokumbukwa ni la mwaka 1973, jumba la Mouton Rothschild lilipopandishwa daraja la kwanza. Papo hapo Bordeaux, eneo la Saint-Émilion lina jina la asili liitwalo Saint-Émilion Grand Cru, ambalo hubebwa na wazalishaji wengi, nalo halilingani na daraja lile la Burgundy hata kidogo.

Mfano mmoja wa karibu utaonyesha mipaka ya neno hili. Clos de Vougeot ni shamba moja la Burgundy lenye ukubwa wa hekta kama 50, lililozungushiwa ukuta na watawa wa Kisistersiani katika Zama za Kati, na lote ni grand cru. Leo limegawanywa kwa wamiliki wapatao 80, baadhi yao wakiwa na mistari michache tu ya mizabibu. Sehemu ya juu ya mteremko hupitisha maji vizuri. Ya chini, karibu na barabara, hulowa. Lebo zote zinasema neno lilelile, na sheria inatimizwa na kila mmoja, lakini kilichomo ndani ya chupa hutofautiana kwa kadiri mikono na mistari inavyotofautiana. Neno la kisheria hukuhakikishia mahali na kanuni, halikuhakikishii ustadi.

Mwaka ulioandikwa kwenye chupa ni mwaka wa mavuno, si mwaka wa kutiwa chupani, na kuwa na mwaka si cheo. Maana yake ni kwamba zabibu zote au karibu zote zilivunwa mwaka huo. Katika Ulaya ni angalau asilimia 85. Champagne isiyo na mwaka ni mchanganyiko wa mavuno kadhaa uliokusudiwa kuleta ladha ileile kila safari. Wala mvinyo mzee si lazima uwe bora. Mwingi unaouzwa duniani umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache, na kuuweka kabatini miaka kumi ni kuuharibu.

Mpaka kati ya sheria na biashara huonekana wazi katika neno reserva. Huko Rioja, Hispania, neno hilo lina uzito: mvinyo mwekundu lazima ukae angalau miaka 3 kabla ya kuuzwa, mwaka mmoja kati ya hiyo ukiwa ndani ya pipa la mwaloni, na gran reserva lazima ufikishe miaka 5, angalau 2 ikiwa ndani ya pipa. Neno lilelile likiandikwa kwa Kiingereza kwenye chupa ya Marekani halina maana yoyote katika sheria ya shirikisho, na kila mtengenezaji hulitumia apendavyo. Wapo waungwana wanaolitumia kwa mvinyo wao bora kweli, na wapo wanaolibandika kwenye kila chupa. "Mizabibu ya kale", ambayo Wafaransa huiandika vieilles vignes, ni vivyo hivyo: mahali pengi hakuna umri uliotajwa, na mizabibu ya miaka 30 huweza kuitwa hivyo sawa na ya miaka 100. Kuhusu "teule" na "maalumu" sina la kusema, kwa kuwa nayo hayasemi kitu.

Mvinyo ulioongezwa nguvu ni ule uliotiwa pombe kali iliyotoneshwa, na wakati wa kuitia ndio unaoamua kila kitu. Katika Port huingizwa uchachukaji ukiwa katikati. Hamira hufa, sukari hubaki, na mvinyo huwa mtamu. Katika Sherry ya kawaida, mvinyo wa Hispania, huingizwa baada ya hamira kumaliza kazi, na kwa hiyo Sherry ya aina ya fino ni miongoni mwa mivinyo mikavu kuliko yote.

Maneno "una sulfaiti", ambayo Umoja wa Ulaya uliyafanya kuwa ya lazima mwaka 2005 kwa mvinyo ambao sulfaiti yake inazidi miligramu 10 kwa lita, huwatia watu hofu kubwa kuliko yanavyostahili. Sulfaiti huulinda mvinyo dhidi ya oksijeni na vijidudu, na hamira yenyewe huizalisha kidogo, hivyo mvinyo usio nayo kabisa ni nadra. Onyo hilo liliwekwa kwa ajili ya wachache ambao miili yao hudhurika nayo, hasa wenye pumu. Mvinyo wa waridi au mweupe kwa kawaida huruhusiwa sulfaiti nyingi kuliko mwekundu, jambo linalopingana na imani ya wengi kwamba ni sulfaiti ya mvinyo mwekundu inayowaumiza kichwa. Neno "asilia" hutajwa mara nyingi pamoja na habari hii. "Ya kikaboni", yaani ya kilimo hai, ni neno la kisheria lenye ukaguzi wake. "Asilia" kwa sehemu kubwa ya dunia si la kisheria, ingawa Ufaransa ilianzisha alama yake ya hiari mwaka 2020.

Limebaki neno ambalo lina faida ya moja kwa moja mezani, nalo ni mvinyo wenye kasoro ya kizibo. Maana yake si kwamba vipande vya kizibo vinaelea ndani ya glasi. Hivyo huondolewa kwa kijiko na mvinyo ukanywewa. Kasoro hii hutokana na kemikali ambayo jina lake hufupishwa kuwa TCA, inayozalishwa na kuvu inapokutana na vitu vyenye klorini, mara nyingi katika gome la mwaloni ambalo vizibo hukatwa humo. Chembe chache tu katika kila chembe trilioni hutosha kuhisiwa na pua. Haidhuru mwili, lakini hufuta harufu ya matunda na kuacha ile ya boksi la karatasi lililolowa au ya chumba cha chini kisichopitisha hewa. Ndiyo sababu mhudumu humimina kidogo kwanza na kusubiri. Haulizwi mnywaji kama ameupenda. Anaulizwa kama ni mzima. Kunusa kizibo hakusaidii sana, maana kizibo kizuri nacho hunukia kizibo. Ni glasi inayonuswa, mara moja kabla ya kuizungusha na mara moja baada ya hapo, na ikiwa harufu ya boksi bichi inazidi kadiri mvinyo unavyopata hewa badala ya kupungua, chupa inarudishwa na kuletwa nyingine ya mvinyo uleule.